Anti Anajibu: Eti sayansi imeshamaliza ubishi wa ushoga kanisani?

SWALI: Shikamoo Anti. Kwenye kikundi chetu cha Biblia watu nusura wagombane. Kaka mmoja anasema sayansi imethibitisha mashoga wanazaliwa hivyo kwahiyo kanisa linyamaze, mwingine anasema utafiti wa 2019 umeonyesha hakuna jeni (kinasaba) ya ushoga, ni uamuzi wa mtu tu. Na kuna dada anataka kumpeleka mdogo wake "akabadilishwe". Nani mkweli? Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu. Kila mmoja kashika kipande halafu kakimbia nacho. Huyo wa kwanza kabaki miaka ya 90, enzi zile mwanasayansi wa ubongo Simon LeVay (1991) aliposema kaona tofauti kwenye sehemu ndogo ya ubongo wa mashoga, na mtaalamu wa vinasaba Dean Hamer (1993) akaja na eneo fulani la kromosomu X (moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba) akidai linahusiana na ushoga, magazeti yakashangilia weee. Huyo wa pili kasoma kichwa cha habari akaishia hapo. Utafiti wa 2019 uliangalia vinasaba vya watu karibu laki 5, ni kweli haukukuta jeni moja, ila ulisema vipo vingi vidogo vidogo ambavyo vikijumlishwa vinaeleza kama asilimia 8 mpaka 25 ya tofauti kati ya watu kwenye jambo hili. Sasa hapo "uamuzi tu" umetokea wapi?

Halafu hata wakikipata chanzo kesho asubuhi, ubishi utabaki palepale. Mmoja atasema Mungu ndo kamuumba hivyo, mwenzake atasema tangu Adamu tunazaliwa na mengi. Katekisimu ya Wakatoliki yenyewe inakiri chanzo chake kisaikolojia bado hakijaeleweka vizuri na tendo inalikataza vilevile, yaani haikusubiri maabara.

Utafiti uliowabana Wakristo kweli, kwa maoni yangu, ni ule wa kubadilika. Marekani kulikuwa na Exodus International, huduma ya kikristo iliyoanza 1976 ikiwaambia watu wanaweza kutoka kwenye ushoga. Mwaka 2003 daktari Robert Spitzer, ambaye 1973 alisaidia kuutoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa ya akili kule, akatoa utafiti wa watu 200 waliosema wamebadilika, wahubiri wakaubeba kama bendera. Shida ni kwamba aliwauliza tu kwa simu, akawaamini. 2012 akaomba radhi, akasema hakuwa na njia ya kujua kama waliyosema ni kweli. Mwaka huohuo rais wa Exodus, Alan Chambers, akakiri kwamba karibu wote aliokutana nao hisia zao hazikubadilika, na 2013 wakafunga.

Kwahiyo dada asitoe hata shilingi kwa anayemwahidi mabadiliko, maana wenye uzoefu wa miaka 37 wameshasema walichokiona. Na kijana mwenyewe kaulizwa anataka nini, au ndo anapangiwa tu? Mambo ya Warumi 1, ile sura ya Biblia inayotajwa sana kwenye ubishi huu, peleka kwa mchungaji wako, ila msimwachie ajibu na ya vinasaba.