Maswali yenu: Kutazama magari ya kale yakishindana mitaani Monaco

Kila baada ya miaka 2, wiki chache kabla ya Formula 1, barabara zilezile za Monaco hufungwa kwa ajili ya magari ya mbio ya zamani, kuanzia yale ya kabla ya Vita Kuu ya Pili hadi ya miaka ya 1980. Mashindano haya, Grand Prix de Monaco Historique, huandaliwa na Automobile Club de Monaco. Yalianza 1997, yakarudi 2000, na tangu hapo hufanyika miaka ya shufwa. Ya 2020 yalifutwa kwa sababu ya korona, yakafanyika 2021, na ratiba ikarejea mahali pake 2022. Tumechagua maswali yanayojirudia zaidi katika barua zenu.

Ndugu mhariri, nina uwezo wa kuhudhuria siku moja tu. Niende Jumapili ya mashindano?

Nenda Jumamosi. Ijumaa huwa ya mazoezi, Jumamosi ya kugombea nafasi za kuanzia, Jumapili ya mbio zenyewe. Jumamosi makundi yote ya magari, yaliyogawanywa kwa umri, huingia barabarani, na kila dereva hupunguza mwendo kwanza ili awaachie walio mbele yake nafasi, kisha ndipo apige raundi moja safi. Kwako wewe uliyeketi jukwaani, hii ina maana magari yanapita mojamoja. Unaliona gari zima, unalisikia peke yake, na likirudi dakika mbili baadaye unaweza kulinganisha dereva alivyokata kona mara hii na mara iliyopita. Jumapili, raundi ya kwanza hukupitia msafara mzima kwa mkupuo mmoja.

Sababu ya pili ni ya kifundi. Gari lililovunja giaboksi Jumamosi mchana huenda usilione tena Jumapili, na mengine kati ya haya yamebaki machache mno duniani.

Ila kama unachokitaka ni ushindani, Jumapili ni haki yako. Mbio kwa kawaida ni fupi, raundi 10 hadi 18 hivi kutegemea kundi, na mwanzo wake ndio wenye uzito: magari yanaondoka yakiwa yamesimama, na baada ya sekunde chache yote yanataka kuingia kona ya kulia ya Sainte-Dévote, ambayo haina nafasi ya magari mawili kwenda sambamba kwa raha.

Kona ni 19 na majukwaa ni mengi. Nikae wapi nione vizuri?

Kaa penye mwendo mdogo. Wengi hukimbilia sehemu za kasi kwa mazoea ya Formula 1 ya leo, lakini gari la kale hujionyesha pale dereva anapofunga breki, anaposhusha gia na anapopambana na stiaringi. Kwenye magari ya miaka ya 1950 dereva ameketi wima, viwiko viko nje, na unaona kila anachofanya. Sehemu ya nyuma ikianza kuteleza utaona magurudumu ya mbele yakigeuzwa upande wa pili kabla hujatambua kwamba gari limeteleza. Kwenye magari ya miaka ya 1970 dereva amelala, huoni zaidi ya kofia yake, kwa hiyo macho yaende kwenye matairi ya nyuma, jinsi yanavyojikunja ubavuni injini inapopewa mafuta.

Chaguo letu la kwanza ni jukwaa K, penye kona ya Tabac. Magari yanatoka kwenye Nouvelle Chicane, kona za zigizaga baada ya handaki, yanafuata ukingo wa bandari, yanakunja kushoto Tabac, kisha yanaelekea kwenye bwawa la kuogelea, sehemu inayoitwa Piscine. Nunua safu za juu. Ukikaa chini utatazama kila kitu kupitia wavu wa usalama, na baada ya kukaa saa nyingi macho yatakuwa yamechoka. Jukwaa hili linaelekea bandarini, yaani mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linakupiga usoni: kofia yenye ukingo ni lazima.

Jukwaa T linatazama kipande cha kati ya Piscine na kona ya Rascasse, na hapo ndipo mwendo mdogo unapatikana hasa. Jukwaa B, uwanja wa Casino, linawafaa wanaopenda kuona springi na shokomzoba zikifanya kazi: magari yanapanda mlima wa Beau Rivage, yanakunja kushoto Massenet, kulia Casino, kisha yanateremka kwenda Mirabeau. Kwenye mteremko huo kuna tuta la barabara ambalo madereva wanaolijua hulikwepa kwa kusogea kando kidogo. Asiyelikwepa utaona gurudumu likinyanyuka.

Le Rocher, mteremko ulio chini ya kasri la mwanamfalme anayetawala Monaco, hauna viti na uko mbali na magari, lakini unaiona Rascasse na sehemu kubwa ya bandari kwa mpigo mmoja. Beba darubini ya 8x na kitu cha kukalia, kisha uwahi sana asubuhi.

Mbona magari mengi hukwama kabla ya kumaliza? Ni uzee tu?

Uzee una sehemu yake, ila mkosaji mkubwa ni njia yenyewe. Monaco haitesi injini kwa kasi, inaitesa kwa polepole.

Tuanze na joto. Magari haya hutegemea upepo wa mwendo ili kupoza radieta. Mengi hayana feni. Yakisimama kwenye mstari wa kuanzia, joto la maji hupanda haraka, na ndiyo maana utaona mafundi wakizima injini mapema kila wanapoambiwa kuna kusubiri. Kwenye magari yenye kabureta joto hilo hufika mpaka kwenye bomba la mafuta. Petroli inachemka ndani ya bomba, mapovu ya mvuke yanazuia mafuta kupita, na injini inakohoa au kuzimika. Ukiona gari linakatakata mlio likitoka kona ya Portier wakati raundi iliyopita lilikuwa zima, fikiria mvuke kabla hujafikiria plagi.

Pili, klachi na gia. Injini ya Ford Cosworth DFV, iliyo ndani ya magari mengi ya makundi ya miaka ya 1970, ni V8 ya sentimita za ujazo 2,993, na nguvu yake iko juu, kwenye mizunguko ya elfu saba, nane, tisa kwa dakika. Ile kona ya U mbele ya hoteli ya Fairmont inakatwa kwa kilomita 50 hivi kwa saa, pengine pungufu. Injini inashuka chini ya pale penye nguvu, dereva analazimika kukanyaga klachi nusu ili isizimike, na kila raundi klachi inaongezewa joto. Mafundi hujitahidi kulizuia hili kwa kubadilisha meno ya gia. Giaboksi za kampuni ya Hewland hufunguliwa kwa nyuma bila kuitoa injini, kwa hiyo wanaweza kuweka gia ya kwanza fupi inayoendana na kona hiyo. Wakikosea uwiano, utasikia: gari linatoka konani likiwa zito, halafu ghafla linaruka nguvu inapofika.

Gia zenyewe hazina sinkromeshi, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijakamatana. Meno yake ya kukamatia hugongana moja kwa moja, na dereva asiyepatanisha mwendo wa injini na wa gia kwa kukanyaga mafuta kidogo huku akifunga breki huyala meno hayo taratibu. Raundi moja ya Monaco ina mabadiliko mengi ya gia, na fundi akitoa oili ya giaboksi jioni, vipande vya chuma ndani yake humweleza namna gari lilivyoendeshwa.

La tatu ni stiaringi. Gari lililoundwa kwa njia pana huenda lisigeuke vya kutosha kwenye kona ya U, hivyo baadhi ya timu hurekebisha mfumo ili magurudumu ya mbele yazunguke zaidi. Asiyefanya hivyo huacha pua ya gari kwenye ukingo wa chuma.

Nawezaje kutambua injini kwa kusikiliza?

Anza na DFV, kwa kuwa ndiyo utakayoisikia mara nyingi zaidi: mlio mkavu, mkali, usio na wimbo. Ukishauzoea, ngeni zitajitokeza zenyewe. Ferrari za silinda 12 zilizolala, za familia ya 312B na 312T, zina mlio wa juu zaidi na laini zaidi. Matra V12 inapanda juu kuliko zote. Ikiingia handakini hutahitaji kumuuliza mtu.

Nyuma zaidi ya hapo, Maserati 250F, gari alilolitumia Juan Manuel Fangio kushinda hapa 1957, ina silinda 6 mstari mmoja na kabureta 3 za Weber, na sauti yake ni nzito, ya kifuani. Bugatti Type 35B, aina iliyoshinda Grand Prix ya kwanza ya Monaco tarehe 14 Aprili 1929 mikononi mwa William Grover-Williams, ina silinda 8 na supachaja, pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Mlio wake ni kama shuka gumu linachanwa kwa mvuto mmoja mrefu.

Kwa ERA, magari ya mbio ya Kiingereza ya miaka ya 1930, sikiliza gia. Dereva huchagua gia inayofuata mapema kwa wenzo mdogo, kisha hukanyaga pedali ndipo inaingia, hivyo mkono unaweza kuwa umeshafanya kazi kabla ya kona na gia ikabadilika katikati ya kona huku mikono yote miwili iko kwenye usukani. Gari la aina hii lilimpa Prince Bira, mwanamfalme wa Siam (Thailand ya leo), ushindi hapa Monaco 1936, katika mbio za magari madogo. Pua nayo itakusaidia: nyingi kati ya hizi hutumia methanoli, na harufu yake hukwaruza macho ukiwa karibu. Usisogelee gari la methanoli linalomwagika mafuta hata kama huoni moto, kwa sababu mwali wake karibu hauonekani mchana.

Je, barabara ni ileile waliyopita akina Fangio?

Kwa sehemu kubwa ndiyo. Kupanda kwenda Casino, kushuka Mirabeau, kuingia Portier, mpangilio ni ule ule wa tangu 1929, ingawa jengo la stesheni ya reli lililokuwa kwenye kona ya U limeshabomolewa na hoteli ikajengwa mahali pake. Kilichobadilika ni upande wa bandari. Hadi 1972 magari yalitoka Tabac yakafuata ukingo wa maji moja kwa moja mpaka kona ya Gazomètre, yakageuka. Mwaka 1973 zikaingia kona za Piscine na Rascasse. Sehemu ya kutokea handakini ilibadilishwa 1986, na Piscine ikarekebishwa tena 1997 na 2003. Kwa hiyo gari la 1957 unaloliona likihangaika kwenye Piscine linakatiza kona ambazo halikuundwa kuzijua. Hangaiko hilo ni la kutazama kwa makini, maana fremu ndefu yenye injini mbele haipendi kugeuzwa kushoto na kulia kwa haraka.

Mtoto wangu ana miaka 6. Masikio yake yatastahimili?

Bila kinga, hapana. Mtoto avae vifuniko vya masikio vya kubana kichwani, vya ukubwa wake. Mtu mzima atumie viziba vya povu vyenye kiwango cha desibeli 30 au zaidi: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie sekunde 30 kijae. Kikibaki kimechomoza nje hakifanyi kazi.

Picha zangu zote zina waya za wavu au gari lililoganda kama limeegeshwa.

Sogeza lenzi karibu kabisa na wavu, fungua tundu la lenzi hadi f/2.8 au f/4, na uelekeze fokasi kwa mkono, waya zitayeyuka. Kwa mwendo, tumia 1/125 ya sekunde ukifuata gari kwa kuzungusha kiuno. Ukizoea shuka hadi 1/60 pale Rascasse. Nyingi zitaharibika, piga nyingi.

Nifikeje bila kulala Monaco?

Lala Nice au Menton, uje kwa treni. Kutoka Nice-Ville ni kama dakika 20 hadi 25. Stesheni ya Monaco iko chini ya ardhi na ina milango kadhaa, mmoja ukitokea karibu na Sainte-Dévote. Jua mapema jukwaa lako liko upande gani wa njia, maana barabara zikishafungwa utavuka kwa madaraja ya muda pekee na foleni zake ni ndefu. Viza, kwa anayeihitaji, huombwa kwa Ufaransa.

Mvua ikinyesha watasitisha?

Mvua ya kawaida haisitishi. Magari yenye matairi laini yasiyo na mifereji hubadilishiwa yenye mifereji, wakati yale ya kabla ya vita huendelea na matairi yaleyale. Hatari iko kwenye rangi za alama za barabarani na mifuniko ya mashimo ya chuma, ambayo huwa telezi kuliko lami. Majukwaa mengi hayana paa, kwa hiyo chukua koti la mvua lenye kofia. Mwavuli utawaziba walio nyuma yako, na utaombwa uufunge.