Sare na duka la jeshi kwa wanaojitolea: maswali yenu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, ambao wao wenyewe au watoto wao wamejiunga na vikosi vya kujitolea: Civil Air Patrol, kinachosaidia Jeshi la Anga, na Coast Guard Auxiliary, kinachosaidia Walinzi wa Pwani.

Mwanangu wa miaka 13 amepokelewa kuwa kadeti wa Civil Air Patrol. Je, kwa kadi yake tunaweza kununua mahitaji ya nyumbani katika duka la kambini? (Mama kadeti, Minnesota)

Hongera kwa kijana, mama, lakini jibu ni hapana. Kambini kuna maduka ya namna tatu. La vyakula huitwa Commissary, nalo huuza kwa bei nafuu, kisha huongeza asilimia 5 wakati wa kulipa. La bidhaa nyinginezo huitwa Exchange, ambako hakuna kodi ya mauzo. La tatu ni duka la sare. Kadi ya mwanao inamfaa katika hilo la tatu, tena kwa vitu vya sare yake mwenyewe tu.

Naona ni haki iwe hivyo. Unafuu wa Commissary ni sehemu ya ujira wa askari anayehamishwa na familia yake kila baada ya miaka michache. Tangu Januari 1, 2020 mlango huo umefunguliwa pia kwa wanajeshi wa zamani waliopata ulemavu kutokana na utumishi. Sisi tunaojitolea tunarudi kulala nyumbani kwetu.

Jambo jingine: kadi ya uanachama si kitambulisho cha jeshi. Pigeni simu kambini kabla ya kufunga safari, maana kila geti lina utaratibu wake.

Sare mpya ni ghali, na mtoto anakua kila siku. Nifanyeje?

Usinunue chochote kabla ya kuzungumza na kamanda wa kikosi chake. Upo mpango unaolipiwa na Jeshi la Anga wa kumsaidia kadeti mpya kupata sare yake ya kwanza ya bluu, kwa kadiri ya fedha iliyopo. Vikosi vingi pia vina kabati la sare zilizoachwa na makadeti waliokua. Zichukueni bila haya, na zikimbana naye azirudishe zimfae mwingine.

Nina miaka 52, nina ndevu na mwili mkubwa. Nimeambiwa nikijiunga na Civil Air Patrol sitavaa sare ya Jeshi la Anga. Huu si ubaguzi? (Msomaji wa Texas)

Naelewa uchungu wako, kaka. Mtu mzima anayetaka kuvaa sare ya mtindo wa Jeshi la Anga hana budi kutimiza masharti ya uzito na ya unadhifu, yakiwemo ya ndevu. Asiyeyatimiza huvaa sare ya kikosi chenyewe: shati jeupe la kirubani lenye mabega ya kijivu, na suruali ya kijivu. Ukiwa umeivaa hiyo unaweza kurusha ndege, kuongoza msako wa ndege iliyopotea, hata kuwa kamanda. Hakuna kazi utakayonyimwa kwa sababu ya shati.

Tena alama za kututofautisha na wanajeshi hazikuanza leo. Kikosi kiliundwa Desemba 1, 1941, siku sita kabla ya Japani kushambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, na raia wenye vindege vidogo wakawa wanadoria pwani kuzisaka nyambizi za Wajerumani. Walipewa sare ya jeshi, lakini yenye mabega mekundu. Baadhi yao hawakurudi. Sijui heshima gani zaidi mtu angeidai kutoka kwenye vazi.

Mimi niko Coast Guard Auxiliary na ninanunua Exchange ya Walinzi wa Pwani. Mbona rafiki yangu wa Civil Air Patrol hawezi?

Kwa sababu Walinzi wa Pwani wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, wana maduka yao na kanuni zao, nao wamewahesabu ninyi miongoni mwa wateja. Commissary hata ninyi hamuingii. Sare yenu inafanana na ya maofisa wao, ila vifungo na mistari ya mikono ni ya fedha pale wao wanapovaa dhahabu. Msibadilishe hata kifungo kimoja: baharini watu huamua upesi nani ana mamlaka ya kukamata, na ninyi hamnayo.

Nina kadi ya ukaazi, bado si raia. Nijiunge wapi?

Civil Air Patrol hupokea wakaazi wa kudumu. Coast Guard Auxiliary inataka uraia na umri wa miaka 17 au zaidi.

Tunakwenda Dar es Salaam likizo. Binti yangu anataka kuwaonyesha binamu zake kombati yake ya kadeti.

Iacheni Marekani, tafadhali. Tanzania sheria inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa wenye nguo hizo kuzisalimisha. Askari atakayemwona binti yako njiani hatajua kadeti wa Marekani ni nani. Achukue picha zake akiwa kwenye gwaride, azionyeshe kwenye simu.