"Time" ni wakati, muda au mara?

SWALI: Ninamsaidia mdogo wangu kujifunza Kiingereza. Aliponiuliza maana ya "time" nilimjibu "wakati", naye akaandika: "Nimesoma kitabu hiki wakati tatu." Nilimsahihisha, lakini aliponibana nieleze kosa liko wapi, niliishia kusema "ndivyo tunavyosema". Je, kuna kanuni? Halafu, "wakati" na "muda" si kitu kimoja?

JIBU: Usimkaripie mdogo wako. Ukimpa mtu neno moja kwa neno moja, atalipachika popote. Neno hilo la Kiingereza ni jina la kawaida kabisa, lakini limebeba mzigo ambao Kiswahili kimewagawia watu kadhaa, na kila mmoja ana zamu yake.

Mwambie kwanza atafute swali ambalo sentensi inajibu, neno lenyewe litakuja baadaye. Likiwa ni "lini?", tumia wakati: wakati wa mvua, wakati wa mtihani. Likiwa ni "kwa urefu gani?", tumia muda: tulingoja muda mrefu, muda wa siku tatu. Likiwa ni "ngapi?", yaani tendo limerudiwa kiasi gani, hapo ni mara, na ndiyo maana kitabu kimesomwa mara tatu. Anayeuliza saa ngapi, bila shaka, anataka saa, na hapo mdogo wako akumbuke tu kwamba saa moja yetu ya asubuhi Mwingereza anaiita saba.

Kwa hiyo wakati unaonyeshwa kwa kidole, muda unapimwa, mara zinahesabiwa. Maneno yote manne, pamoja na saa, tumeyapata kutoka Kiarabu, na hata huko kila moja lilikuwa na kazi yake. Hayakuwahi kuwa visawe.

Wakati na muda yanachanganywa kwa sababu yanafanana upatanisho: wakati huu, muda huu, wakati wote, muda wote. Masikio hayapati onyo. Jaribu wingi. Wakati una nyakati: nyakati za mavuno, nyakati ngumu. Muda je? Hatuna wingi wake tunaoutumia. Ukitaka kuhesabu vipande vyake utasema vipindi.

Kuna mahali ambapo kuchanganya maneno haya mawili kunaharibu maana kabisa. Niliwahi kuletewa tangazo nilihariri, lililotafsiriwa kwa haraka, likisema: "Washiriki wanaombwa kurudisha fomu kwa muda." Mwandishi alitaka zirudishwe bila kuchelewa. Alichoandika ni kwamba zirudishwe kwa kitambo kidogo, kisha pengine wapewe tena! "Kwa wakati" ni bila kuchelewa; "kwa muda" ni si daima. Mwenyekiti wa muda atampisha mwingine, na barabara iliyofungwa kwa muda itafunguliwa. Kama tarehe ya mwisho imetajwa, andika "ndani ya muda uliowekwa", kwa sababu hapo kweli kuna kipimo.

Siku hizi nasikia pia "muda umefika". Sitagombana na mtu kwa hilo, limeshaenea. Mimi bado nasema wakati umefika na muda umekwisha: wakati huwadia, muda huisha. Anayesema "wakati umekwisha" na "muda umewadia" ataeleweka, lakini ameyabadilishia maneno viatu.

Mara nalo lina vituko vyake. Kiingereza chenyewe kwa kawaida hakitumii "time" kwa mara moja na mara mbili. Kina maneno mengine, "once" na "twice", na "times" inaanza kuzoeleka kwenye tatu. Sisi tunakwenda sawasawa tangu moja, tena tunazidisha kwa neno hilohilo: tatu mara nne ni kumi na mbili. Lakini angalia "mara moja". Ukimwambia mgonjwa "meza kidonge hiki mara moja", umemwambia asirudie au umemwambia asichelewe? Yote mawili yamo. Ongeza "tu" au "kwa siku" ukitaka hesabu, au sema "sasa hivi" ukitaka haraka. Na katika "tulikuwa tumekaa, mara mlango ukagongwa", au "mara anacheka, mara analia", hakuna hesabu yoyote. Anayetafsiri hapo kwa "time" amepotea njia kutoka upande wa pili.

Sasa, jambo ambalo kamusi ndogo hazimwambii mwanafunzi: mara nyingi tafsiri nzuri haina neno lolote kati ya haya. Mwingereza akikwambia "take your time", hakuambii uchukue wakati wako uende nao; anasema taratibu, usiwe na haraka. "We had a good time" ni tulifurahi. "Tulikuwa na wakati mzuri" inaandikwa sana, nami huifuta kila ninapoikuta. Mtu asiye na "time" ya kukuona, kwa lugha ya kistaarabu, hana nafasi; "sina muda" inakata kama wembe. Ya utawala fulani ni enzi, ya kale sana ni zama, na hadithi inaanza na hapo zamani za kale. Hata "wakati" tunalolitia mwanzoni mwa sentensi mara nyingi halihitajiki: "wakati nilipofika" ina -po- ambayo tayari imefanya kazi hiyo. "Nilipofika" inatosha.

Mpe mdogo wako zoezi hili. Mwambie atafsiri salamu ya Mwingereza aliyekutana na rafiki baada ya miaka: "Long time!" Akiandika "wakati mrefu", mrudishe kwenye maswali yangu. Akiandika "muda mrefu", amekaribia. Akiandika "siku nyingi!", mwache aendelee na somo linalofuata.