Barua kwa mwanangu: duka likiwa wazi nawe uko kanisani

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi huku Mamba, milimani Upare, ni wazima, na tangawizi inaendelea vizuri shambani. Swali lako si la kujibiwa kwa simu, ndiyo maana naandika. Unasema duka lako la vifaa vya ujenzi hapo Mwanza linauza zaidi Jumamosi, siku ambayo mafundi wanakuja kuchukua saruji na nondo. Wewe na mkeo, Wasabato kama sisi, mnakwenda kanisani, na kijana uliyemwajiri, ambaye ni Mlutheri, anabaki dukani. Yeye husali Jumapili, na siku hiyo unasimama wewe. Unauliza: "Mama, hapo nani amevunja Sabato?"

Ni wewe, baba. Nakuambia waziwazi kwa sababu nakupenda.

Soma Kumbukumbu la Torati sura ya 5. Tumezoea kukariri amri ya nne kutoka Kutoka 20, pale inapotajwa kazi ya uumbaji ya siku sita. Katika Kumbukumbu, Musa anairudia amri ileile kwa sababu nyingine: mlikuwa watumwa Misri, Bwana akawatoa. Halafu angalia waliotajwa. Mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, na mgeni aliye ndani ya malango yako. Mgeni huyo si lazima awe wa imani yako, wala hakuulizwa anasali siku gani. Anapumzika kwa kuwa yuko chini yako, na aliye chini yako hawezi kukuambia "leo sifanyi kazi". Kisha imeandikwa kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe. Kama wewe, mwanangu! (Mke hakutajwa kwenye orodha. Mimi nasoma kwamba yumo katika "wewe", kwa hiyo na mkeo asishinde jikoni siku hiyo.)

Hata Nehemia, sura ya 13, hakuwaacha watu wa Tiro wauze samaki Yerusalemu siku ya Sabato kwa kuwa tu hawakuwa Wayahudi. Giza lilipoanza kuingia aliamuru malango yafungwe, wakalala nje na bidhaa zao.

Babu yako aliipokea imani hii katika milima hii hii, ambako wamisionari wa Kijerumani waliileta mwaka 1903 pale Giti. Ijumaa majani ya ng'ombe yalikatwa mizigo miwili, mmoja wa siku ile na mwingine wa Sabato. Makande yalibandikwa mchana, viatu vikapigwa rangi, na jua likikaribia kuzama hukuti jembe nje. Vibarua wake wengi walikuwa Waislamu kutoka tambarare. Hakuwalazimisha kuja kanisani. Aliwaambia tu kwamba Jumamosi shamba lake halilimwi na mtu yeyote, na ujira wao wa juma haukupungua. Ng'ombe walikamuliwa, maana kumwacha mnyama na kiwele kilichojaa ni kumtesa, na Yesu mwenyewe alisema katika Luka 13 kwamba ng'ombe na punda hufunguliwa Sabato wakanyweshwe. Wauguzi wa Hospitali ya Heri kule Kigoma nao huwahudumia wagonjwa Sabato, na wanafanya vyema. Mfuko wa saruji hauumwi.

Mpango wako wa kupokezana siudharau, una nia njema. Lakini umeandika pia kwamba Jumapili kijana akitoka ibada ya kwanza anakuja kukusaidia kupakia mizigo. Basi siku yake iko wapi? Na faida ya Jumamosi inaingia mfukoni mwa nani? Wewe uko kwenye Shule ya Sabato, simu inatetemeka, anakuuliza bei ya bati. Hapo hujapumzika, na yeye hajapumzika.

Hasara ni ya kweli, kodi ya fremu haisubiri. Wako wahubiri watakaokuahidi kwamba ukifunga Jumamosi mauzo yataongezeka maradufu siku nyingine. Mimi sikuahidi hivyo. Huenda ukapungukiwa kabisa. Ila soma Amosi 8, wale waliouliza Sabato itapita lini wauze ngano: papo hapo wanapanga kupunguza kipimo na kuchezea mizani. Asiyeweza kuliacha duka kwa siku moja ndivyo anavyoishia.

Basi funga Ijumaa kabla jua halijazama. Bandika tangazo mlangoni wiki mbili kabla, mafundi wajipange kununua Ijumaa. Kijana umwachie Jumapili yake nzima, na Jumamosi usimkate hata shilingi. Utasema atapata siku mbili. Apate.

Mwambie wewe mwenyewe mapema, asije akasikia kwa wateja. Na uanze na habari ya mshahara kwamba haupungui, maana hilo ndilo atakaloliwaza kwanza.

Msalimie mkeo.

Mama yako