Maswali ya Usukani: Supra, Z au LC kwa safari ya Salala?

SWALI: Assalamu alaykum Ami. Nina miaka 36, asili yangu Pemba, naishi Al Khuwair hapa Maskati. Nimeweka akiba miaka saba ninunue gari jipya la milango miwili. La nyumbani tunalo, Prado. Hili ni la roho yangu. Kila Ijumaa alfajiri napenda kuendesha peke yangu hadi Quriyat na kurudi kabla ya sala. Na kila msimu wa khareef, ule wa ukungu na manyunyu kule Salala, mimi na mke wangu tunakwenda Salala kwa gari. Safari hii mtoto wetu wa miaka 6 naye anataka kuja. Yamebaki matatu kichwani: Toyota GR Supra, Nissan Z na Lexus LC 500. Rafiki yangu anasema niyaache yote nichukue Porsche 911. Niamue vipi?
Msomaji, Al Khuwair

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho linanirudi kwa mtoto. Umemtaja mwishoni, lakini ndiye aliyekwisha kukuamulia nusu ya jambo: Supra na Z yana viti viwili tu.

Utaniambia Prado lipo. Lipo, lakini sikiliza nikusimulie. Mwaka juzi, mwezi wa Julai, nilikwenda Salala na mteja wangu wa karakanani katika Supra lake, tukipokezana usukani. Ni mwendo wa kilomita 1,000 hivi, na ukishaipita Adam ni jangwa tupu, lami imenyooka mpaka macho yanachoka. Gari lile ni tamu na silisemi vibaya. Injini ni ya BMW, lita 3, silinda sita za mstari mmoja, na gari lenyewe limeundwa Graz, Austria, kiwanda kimoja na BMW Z4. Linaitika hata mizunguko ya injini haijafika 2,000 kwa dakika. Tatizo liko mgongoni: buti halina ukuta. Kati ya kisogo chako na tairi za nyuma, zenye upana wa milimita 275, hakuna kinachozuia mlio wa barabara. Tukafungua dirisha moja tupate hewa. Upepo ukaanza kugonga masikioni kama mtu anayepiga ngoma ndani ya pipa, tukalifunga mbio. Tuliposimama Haima kununua maji, muuzaji alituuliza kwa nini tunapiga kelele ilhali yeye yuko hapa hapa mbele yetu.

Mwaka uliofuata nikaipita njia ile ile kwa LC 500 la mteja mwingine. V8 ya lita 5 isiyo na turbo, nguvu ya farasi 471, gia kumi. Kwenye spidi ya 120 injini haisikiki kabisa. Kuna tasbihi nimezoea kuitundika kwenye kioo cha ndani kila ninaposafiri, na mahali fulani kabla ya Haima niligundua kwamba naisikia: punje zinagongana polepole kila tunapopita kiungo cha lami. Katika Supra ilikuwa pale pale mbele ya macho yangu na sikuisikia hata mara moja. Tulipoteremka kutoka Thumrait, ukungu na manyunyu ya khareef yakatupokea, na mimi sikuwa nimechoka. Mteja alipouliza kama tupumzike kwanza, nilimwomba tuendelee hadi Mirbat.

Hiyo ndiyo kazi ya gari la GT, yaani la safari ndefu, na haionekani kwenye karatasi za muuzaji. Gari la spoti lipime kwenye kona. La GT lipime saa ya nane ya safari, kwenye kiuno chako na masikio ya aliyekaa pembeni yako.

Sasa Ijumaa zako za Quriyat. Hapo LC litakudai subira. Lina uzito wa zaidi ya kilo 1,900, karibu kilo 400 juu ya Supra, na uzito haufichiki. Nimelipandisha Jebel Hafeet kule Al Ain, barabara ya kilomita 12 hivi yenye kona 60. Kupanda ni raha: unavuta gia kwa vidole, sindano inapanda kuelekea 7,000, na sauti ile ya V8 inagonga ukuta wa mwamba na kurudi kwako. Kushuka nilipokuwa karibu kufika chini, breki zilikuwa zimeanza kunukia. Supra lina milimita 2,470 tu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Linaingia kona kama paa, na halichoki haraka hivyo. Na milima yetu usiitie katika hesabu yote: Jabal Akhdar hutafika kwa lolote kati ya haya, polisi wa kizuizi cha Birkat al Mawz wanapitisha gari la 4x4 tu.

Nissan Z nalipenda kwa jambo moja, gia sita za mkono. V6 yenye turbo mbili, farasi 400, na rungu la gia lenye uzito wa kiume. Ndani lakini utaona mengi ya 370Z la zamani. Kama ungekuwa huna mke anayependa safari, ningekwambia chukua hilo, umalize.

Rafiki yako hakukosea kuhusu 911. Ndilo gari pekee katika orodha hii linaloweza kuwa la kona Ijumaa na la safari Jumamosi. Injini iko nyuma kabisa, mizigo mbele, na vile viti vidogo vya nyuma vinamtosha mtoto. Lakini bei yake ni ulimwengu mwingine, na inapanda kwa kila kifaa unachoongeza. Akiba ya miaka saba isigeuke deni la miaka saba mingine.

Chukua LC, mwanangu. Mtoto atakaa nyuma miaka minne au mitano hivi, mama yake akisogeza kiti mbele kidogo. Mtu mzima pale hakai. Kabla ya kutia saini, usikubali ile duru ya dakika kumi kuzunguka duka. Omba saa nzima, mwende njia kuu ya kuelekea Sur, mke wako pembeni, kiti cha mtoto kimefungwa nyuma na mwenyewe ndani yake. Mwulize mke wako mkisharudi, wewe nyamaza.

Na tairi. LC lina tairi zinazotembea hata zikiishiwa upepo, kwa masafa mafupi, na halina spea. Supra nalo halina spea, lina dawa ya kuziba na pampu. Kwa hiyo tazama tarehe ubavuni mwa kila tairi: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Miaka ya nyuma duka moja liliniuzia tairi "mpya" ambazo zilikuwa zimekaa ghalani miaka mitano. Sikutazama. Moja ilipasuka saa saba mchana, nje ya Haima, joto likiwa limevuka 45, na nilikuwa na mama yangu mzazi kwenye gari. Tulisubiri msaada chini ya kivuli cha mlango uliofunguliwa, nikimmwagia maji miguuni. Tangu siku ile sijafunga tairi ya mtu yeyote karakanani kwangu bila kumwonyesha zile tarakimu nne kwa kidole.

SWALI: Ami, hii GT inayoandikwa nyuma ya magari maana yake nini hasa? Jirani yangu ana kigari kidogo na kimeandikwa GT.
Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Ni Kiitaliano, gran turismo, yaani safari kubwa. Gari linalotajwa sana kuwa mwanzo wa ukoo huu ni Lancia Aurelia B20 GT la mwaka 1951, lenye V6, lililomwezesha mtu kuvuka nchi mchana mmoja kwa spidi nzuri akashuka suti haijakunjamana. Leo wenye kuishi jina hilo kikweli ni akina Aston Martin DB12, Bentley Continental GT, na Maserati ambao gari lao wameliita GranTurismo moja kwa moja na kulipa viti vinne vya watu wazima. Herufi zenyewe hazina mwenyewe, kila kiwanda kinabandika kinapotaka.

SWALI: Shikamoo Ami. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, Nyali, Mombasa. Nataka kuagiza Toyota GR86 kutoka Japani, gia za mkono. Kaka yangu ananicheka, anasema farasi 230 si gari la spoti, afadhali nitafute Mustang la V8 kutoka Dubai. Naendesha mjini, na Nairobi mara moja kwa mwezi.
Dada wa Nyali

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwambie kaka yako jambo la kwanza: Mustang la Dubai usukani wake uko kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la namna hiyo. Pia gari lisizidi miaka minane tangu liundwe. GR86 lilitoka 2021, basi umo ndani ya sheria, na usukani wa Japani uko kulia kama wenu.

Farasi 230 kwenye gari la kilo 1,300 pungufu si kidogo. 86 la kwanza, la lita 2, lilikuwa na udhaifu wa kweli: katikati ya mizunguko nguvu ilizama, ukitaka kulipita lori unakuta hakuna kitu mpaka sindano ipande juu sana. Hili la lita 2.4 wamelitibu; nguvu ya kuvuta inafika kileleni kwenye 3,700. Kwa barabara ya Mombasa na Nairobi, ile foleni ya malori njia nzima, hapo ndipo utakapoiona faida: gia ya tatu, unachungulia, unapita, unarudi upande wako.

Liko chini, kama sentimita 13 tu kutoka lami. Matuta yapande kwa mshazari, gurudumu moja moja. Na usikubali mtu akuuzie springi za kulishusha zaidi.