Usimalizie kulipa hiyo kozi ya siku 21

Hizo elfu sita zilizobaki usizitoe. Elfu tatu ulizotanguliza zidai leo, na wakikataa kukurudishia, bora zipotee hizo kuliko kuzifuatisha na nyingine.

Umesema uko Langoni hapa Lamu, unachonga mbao kwenye karakana ya mtu, umechoka kunakili nakshi za wengine na unataka Desemba uwe na kazi za muundo wako za kuuza. Ukauliza ni tabia gani za kila siku zitakujenga akili ya kubuni na ya kufuata malengo, uandike kwenye daftari au kwenye simu, na kama kuamka saa kumi usiku kunasaidia. Halafu ukabandika ratiba ya mkufunzi wako: tabia 12, zote zianze Jumatatu moja, zikomae siku ya 21, na ukutani ubandike picha za maisha unayoyaota.

Mdogo wangu, ratiba hiyo imewavunja vijana wengi wenye mikono mizuri, na waliowauzia bado wanapita mji hadi mji wakikodi kumbi. Inaniudhi sana.

Hiyo 21 haikupimwa kwenye tabia ya mtu yeyote. Ilianzia kwa daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Waliokuja nyuma wakaliacha neno "angalau", wakaihamisha hesabu kutoka kwenye sura hadi kwenye tabia. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London waliipima tabia yenyewe, utafiti wao ukachapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja na tabia moja tu, na muda wa kati wa tabia kushika ukatoka siku 66. Kuna aliyefika kwa siku 18, na kuna aliyekadiriwa kuhitaji 254. Kunywa maji kulishika upesi, mazoezi ya mwili yakachelewa. Na waliokosa siku moja hawakuharibikiwa na kitu.

Sasa mtazame kijana aliyeambiwa 21. Siku ya 22 anaamka na bado anajisukuma, kwa hiyo anaamini kasoro ni yake. Anazitupa zote 12, na ndani yake imo ile moja iliyokuwa imeanza kushika. Hasara kubwa ni hapo. Pesa utazitafuta tena, lakini mtu akishaamini kwamba yeye si wa kubuni, kumrudisha mezani ni kazi ya miaka.

Zile picha za ukutani nazo zinadhuru. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen amelichunguza hilo kwa miaka mingi. Wahitimu wa chuo kikuu Ujerumani waliozama zaidi katika ndoto tamu za kazi nzuri walituma maombi machache, na baada ya miaka miwili walikuwa wamepata nafasi chache na mishahara midogo. Ukishaionja raha kichwani, mwili unalegea. Anachofundisha yeye ni kuliwaza lengo, kisha papo hapo ukitazame kile kitakachokuzuia.

Kanuni ninayokupa ni hii, na ukiisahau kila kitu kingine ishike hii peke yake: tabia MOJA, uifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku mahali palepale, uiandike kwa sentensi ya "nikimaliza hili, nafanya lile". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ndiye aliyeupima sana mpango wa namna hii, na faida yake ni kwamba hukai ukijiuliza leo nianze saa ngapi.

Yako ningeiandika hivi: "Nikirudi karakanani kutoka kuswali Alasiri, kabla sijashika patasi, nakaa kwenye benchi nachora michoro 6 ya kitu kimoja." Dakika 10, kalamu ya wino. Penseli inakuita ufute, na anayefuta anahukumu kabla hajamaliza.

Jambo la kufungia ulichague kwa makini, maana hapa ndipo wengi wa huku kwetu wanapoteleza. Usifunge kwenye kujaa na kupwa kwa bahari. "Maji yakijaa nitakaa gatini nichore" inapendeza kuisikia, lakini maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, na baada ya wiki saa ile ya kujaa imekuwa ya kupwa. Usifunge kwenye kurudi kwa boti, wala kwenye "nikipata nafasi". Alasiri ni nzuri kwa sababu Lamu tuko karibu na ikweta: mwaka mzima inaingia kati ya saa tisa na saa kumi, haitoki hapo. Daftari likae karakanani, chini ya benchi, kalamu ndani yake. Likilala nyumbani, tabia imekufa.

Kwa nini 6? Kwa sababu miwili mitatu ya mwanzo haitakuwa yako. Utachora waridi, mnyororo, yungiyungi, vile mkono ulivyozoea. Watafiti wa Marekani walilionyesha hili tangu 1957: kadiri mtu anavyoendelea kutafuta mawazo yanapungua idadi, lakini yanazidi kuwa mageni. Wa nne ndio unaouma, na anayeishia wa tatu kila siku atanakili mpaka azeeke. Ukikwama hapo, badilisha jambo moja. Nakshi ya mfaa wa mlango ipunguze ikae kwenye kisanduku cha kiganjani. Kilichochimbwa kiache kisimame, uchimbe pembeni yake. Ondoa nusu ya mistari. Au chukua mpangilio wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba ya kale, au msuko wa mkeka, uulazimishe uingie kwenye mbao.

Usizidishe sita. Siku utakayojisikia na nguvu utataka ishirini, na kesho yake utalitazama daftari kama deni.

Kuanzia Jumamosi hadi Alhamisi unakuwa na michoro 36. Ijumaa mchana chagua mmoja, uuchonge kwenye kipande cha mabaki cha sentimita 10 kwa 10. Huo ndio upande wa malengo: wiki 12 zinakupa vipande 12, kati yake utapata miundo mitatu ya kutengenezea masanduku. Lengo liandike kwa namna ya kuhesabika, kama "masanduku 4 ya muundo wangu yawe tayari Novemba ikiisha." "Kuwa mbunifu mkubwa" hakuna atakayeweza kukuambia umefika au hujafika.

Kizuizi nacho kiandikie sentensi mapema. "Fundi akiniita katikati, nitaimalizia baada ya Isha hata kama ni miwili tu." Ramadhani ikiingia, ratiba ya karakana itapinduka, kwa hiyo wiki moja kabla andika sentensi mpya, iwe baada ya tarawehe au baada ya daku, ukiwa umeshalihamisha daftari. Asiyebadilisha sentensi anapoteza mwezi mzima na Shawwal anaanza upya.

Tabia ya pili usiiguse mpaka siku utakapogundua umeshakaa kwenye benchi na kalamu mkononi bila kujikumbusha. Inaweza kuwa mwezi wa pili, inaweza kuwa wa sita.

Iandike sentensi yako hapa chini kabla ya Alasiri ya kesho. Kama haina mahali, au haisemi unafanya baada ya nini, nitakuambia uiandike upya.