Wadogo zangu wa meli za kubeba manowari, GM kubwa sio sifa

Jamani wadogo zangu, kila nikikagua hesabu za wapya nakutana na kitu kilekile, mtu kaandika GM (kipimo cha nguvu ya meli kujirudisha wima ikiinama) mita 16 afu kaweka vema pembeni, kamaliza. Hujamaliza! Njoo tuongee.

1. Darasani mlifundishwa GM ndogo inapindua meli, ni kweli, basi mnaongeza upana ili GM ipande, mnaongeza upana, mpaka meli inakuwa na hasira, yaani inajirudisha kwa kishindo. Chukua upana wa mita 42, kama meli ya Blue Marlin ilivyokuwa mwaka 2000 ilipoibeba USS Cole, manowari ya Marekani iliyotobolewa kwa bomu, kutoka Aden ikazunguka nayo Rasi ya Tumaini Jema hadi Mississippi. Ile kanuni yetu ya haraka ya muda wa kuyumba, 0.8 mara upana, gawanya kwa kipeuo cha pili cha GM. GM ikiwa 4, meli inayumba kwenda na kurudi kwa sekunde kama 17. Ikiwa 16, sekunde 8 na kitu. Muda umepungua nusu lakini mchapuko umepanda mara 4! Sasa weka manowari ya tani 8,000, kitovu chake cha uzito mita 20 juu ya mhimili wa kuyumba, yumba digrii 10: nguvu ya pembeni ilikuwa kama tani 400, sasa ni karibu 1,600, na hujagusa bado zile 1,400 zinazotokana na deki kuinama tu. Nani anabeba hiyo? Ni vile vifungo ulivyochomelea, pamoja na ubavu wa manowari ambayo tayari imeshatobolewa. Na mbaya zaidi, sekunde 8 ndio mwendo wa mawimbi mengi bahari ikichafuka, yaani umeitengeneza meli iitikie kila wimbi linalokuja.

2. GM hiyohiyo inayeyuka meli ikijizamisha deki ili kupakia au kushusha mzigo, kwenye mstari wa maji inabaki minara tu, na tangi la balasti (maji ya kuongeza uzito) lililojaa nusu linakula kilichobaki. Piga hesabu kila hatua ya kina, sio mwanzo na mwisho. Mighty Servant 3, meli ya aina hiyohiyo, ilizama karibu na Luanda 2006 kwenye kazi ya kushusha mzigo, sio katikati ya dhoruba.

3. Magogo na nguzo za kukalishia mzigo. USS Fitzgerald, manowari ya Marekani iliyokuwa imegongana na meli ya mizigo, 2017 karibu na Yokosuka, Japani, ilitobolewa sehemu mbili na nguzo za chuma wakati wa kupakiwa, hata safari haijaanza! Meli iliyopata ajali haina tena umbo la michoro ya kiwandani, kwa hiyo omba wapiga mbizi wapime upya, na usisahau sona (kifaa cha kusikilizia chini ya maji) inayoning'inia chini ya omo.

4. Chochote kinachotokeza nje ya deki, hesabu wimbi likikipiga kutoka chini.

5. Nahodha aambiwe mapema akwepe mawimbi ya upande gani na kwa spidi gani, msimpe lundo la karatasi siku ya kuondoka.

Kesho mkileta hesabu, nionyesheni kwanza muda wa kuyumba. GM nitaiuliza mwenyewe.